Kikwembe cha Miavuli

Mimi sipendi sikukuu. Nasema mapema ili asiniulize mtu baadaye. Napenda wali wake, napenda siku inayofuata wakati sufuria zimeoshwa na nyumba imetulia, lakini sikukuu yenyewe, na kelele zake, na watoto waliovalishwa viatu vinavyobana, hapana. Mama mkwe wangu, Mama Emilienne, ni kinyume changu kabisa. Yeye huanza kushona sikukuu miezi kabla haijafika.

Ninaposema kushona, nina maana ya sindano na uzi. Katika familia ya mume wangu hakuna ubatizo wala arusi wala mwaka mpya bila kitenge kimoja kwa watu wote, wakubwa kwa watoto. Sisi huku Kasongo tunakiita kikwembe. Mwaka ule sikukuu ya uhuru, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, iliangukia Ijumaa, na watu wakaamua kwamba hiyo ni sababu ya kutosha ya kusherehekea mpaka Jumapili. Idi ya kuchinja nayo ilikuwa imepita juzi tu, kwa hiyo Waislamu walikuwa bado wamependeza na Wakristo ndio kwanza wanaanza kupendeza. Parokia ikatoa fanfari, bendi yake ya tarumbeta, wafanyabiashara wakachanga zawadi, na kamati ikatangaza kwamba Jumamosi kila mtu aende na watoto wake Nyangwe, kwenye mashindano ya mitumbwi. Nilipolisikia tangazo hilo nilianza kuumwa kichwa.

Nilikuwa nimemsindikiza Mama Emilienne sokoni, kwa Djamila anayeuza vitenge, na hapo alichagua cha buluu chenye miavuli midogo ya njano.

"Mama," nikamwambia, "miavuli katikati ya kiangazi?"

"Nadine, wewe vaa tu. Mutu akituona ng'ambo ya mto atajua ni sisi."

Tulipofika nusu ya njia ya kurudi, akasema amesahau kikapu chake kwa Djamila. Akarudi peke yake, akaniacha juani na robota la nguo kichwani. Alikawia mpaka nikaanza kujiuliza ni kikapu gani hicho kinachohitaji mazungumzo marefu namna ile. Aliporudi, kikapu alikuwa nacho, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyelamba sukari ya wageni. Sikumuuliza kitu, maana shingo ilikuwa inaniuma.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Kikwembe cha familia si nguo tu. Ukipewa kipande, umehesabiwa. Usipopewa, watu wote wameona. Mume wangu Grégoire ana dada mmoja, Aurélie, aliyeolewa na Kamaldine, mwenye duka kule Kabambare, akaingia Uislamu na kuitwa Rachida. Hilo halikumuudhi mtu. Kasongo ni mji ambao shangazi anafunga Ramadhani na mpwa wake anaimba kwaya, na futari wanakula pamoja. Kilichoharibu ni kifo cha baba yao. Baba alikufa katikati ya mvua, barabara ya Kabambare ikawa tope tupu, na Rachida alifika juu ya pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi, kaburi likiwa limeshafukiwa. Grégoire ndiye mkubwa wa nyumba, ndiye aliyekuwa akigawa kikwembe cha kilio. Akasema kitambaa ni cha wale waliolia kaburini. Basi Rachida alikaa matangani na gauni lake la safari, kati ya ndugu zake waliovaa nguo moja, utafikiri mpita njia aliyeomba maji. Asubuhi akaondoka. Hakurudi tena, na jina lake halikutajwa tena mbele ya Grégoire.

Hayo yote niliyasikia tu, kwa sababu mimi niliolewa baadaye. Wifi yangu huyo nilikuwa sijamwona hata siku moja.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla hatujapanda pikipiki, Mama Emilienne aliwasimamisha wajukuu uani na kuwapa sheria yake ya kila sikukuu. Binti yangu Sarah-Grâce, aliyekuwa na miaka mitano, alimsikiliza mdomo wazi.

"Ukipotea, usilie. Usikimbie. Angalia kikwembe. Mwenye kuvaa hiki kikwembe ni mutu yetu. Mushike nguo, mufuate. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko," akamjibu bibi yake.

Njia ya Nyangwe siisimulii. Vumbi tulilimeza, na pikipiki iliyombeba Mama Emilienne ilipata pancha akiwa ameshika sufuria ya wali mapajani, akakataa kuiweka chini hata gurudumu lilipotolewa. Tulifika tukiwa wekundu kuliko buluu.

Nyangwe ilikuwa imejaa. Kiangazi Lualaba hupungua, na katikati ya mto hutokea fungu kubwa la mchanga, jeupe, ambalo kamati ilikuwa imelipamba kwa bendera na matawi ya michikichi. Michezo ya watoto ilikuwa huko: mbio za magunia, kuvuta kamba, na kumfukuza bata kwenye maji ya magotini. Mitumbwi ilikuwa ikivusha familia, familia moja moja, kutoka ukingoni hadi mchangani. Fanfari ilipiga wimbo uleule mara nyingi mpaka nikatamani tarumbeta lipasuke. Mtu mmoja aitwaye Hervé alisimama juu ya pipa na megafoni yake, akitangaza kila kitu, hata vitu ambavyo tulikuwa tunaviona wenyewe.

Mimi sikuweza kukaa. Wenzangu walitandika mkeka, wakafungua sambusa. Mimi nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama. Nilikuwa nagusa vichwa vya watoto, nauangalia mto, nagusa vichwa tena. Maji yale yanaonekana kama yamelala, lakini jani likidondoka humo hulioni tena. Grégoire akanicheka.

"Mama Sarah, mto haiko na mikono. Haitakuja kumukamata mutu hapa kwa mukeka."

"Wewe kula sambusa yako."

Nilimchukua Sarah-Grâce kwa mkono kwenda kununua vitumbua. Muuzaji akanipa vilivyoungua upande mmoja na kuvigeuza ili nisione. Nikavigeuza. Akavigeuza tena. Basi mimi nikaanza kumwambia maneno yake, na mtu anayesema maneno kama yale anahitaji mikono miwili. Nilipomaliza, vitumbua vilikuwa vizuri na mkono wangu ulikuwa mtupu.

Kwanza sikuogopa, nilikasirika. Niliita jina lake kwa sauti ya kumgombeza. Nikaita tena. Mara ya tatu sauti ilitoka nyembamba, sikuitambua kama ni yangu. Nilikimbilia mkekani. Hakuwepo. Nilikimbilia majini, nikatazama chini, nikaona mawe na ganda la ndizi. Vitumbua sijui nilivitupa wapi.

Grégoire alikwenda mbio kwa Hervé, na megafoni ikalia mji mzima:

"Mutoto amepotea! Mutoto mwanamuke, miaka mitano! Anavaa kikwembe ya buluu na miavuli ya manjano! Mwenye kumuona amulete hapa kwa pipa!"

Haikuchukua muda. Watu wakapiga vigelegele upande wa mitumbwi, umati ukafunguka, na mama mmoja mnene akatokea amembeba mtoto begani, buluu na miavuli ya njano. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilimpokea, nikamkumbatia, nikainusa shingo yake, na harufu haikuwa yetu. Ilikuwa ya udi. Nikamgeuza uso. Alikuwa na ushungi mdogo wa kitambaa kilekile, macho makubwa yaliyojaa machozi, na pengo mbele.

"Wewe haiko mama yangu," akaniambia.

"Huyu haiko mutoto yangu," nami nikasema.

Yule mama mnene akashika kiuno. "Heee! Munavaa naye nguo moja mpaka uzi, na unamukana?"

"Simukani! Haiko wangu!"

"Batu waone! Mama amemukasirikia mutoto, anamukana mbele ya mto!"

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akanishauri nimsamehe mtoto, ni sikukuu. Nilitaka kumng'ata. Nguo ilikuwa ileile, buluu ileile, na kila mwavuli umeinama upande uleule kama wa kwangu, na mimi sikuelewa lolote. Nikachuchumaa mbele ya msichana.

"Jina lako nani, mama?"

"Nuru."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Rachida."

"Munatoka wapi?"

"Kabambare. Kwa duka."

Sikuhitaji kugeuka. Nilimsikia Grégoire nyuma yangu akivuta pumzi na kutoirudisha.

Mwenye mtumbwi, kijana aitwaye Aristote, ndiye aliyetufungulia mambo. Alikuja akijikuna kichwa na kasia lake. Alikuwa amevusha familia moja ya miavuli kwenda mchangani, akasema. Watoto walikuwa wengi, wanarukaruka, hakuna anayetulia.

"Nikaita: watu ya miavuli wote kwa mutumbwi! Nikaona mutoto mumoja wa miavuli anabaki nyuma, ameshika nguo ya mama yule, anataka kupanda, hafiki. Nikamubeba mimi mwenyewe, nikamuweka ndani. Nikamuuliza mama, watoto wametimia? Akaangalia vichwa, akasema wametimia."

Walikuwa wametimia kweli. Wangu ameingia, na wake, huyu Nuru, alikuwa amebaki nyuma akimtazama mtu anayekaanga samaki.

"Basi tuvushe," nikasema. "Sasa hivi."

Aristote akaelekeza kasia lake mtoni. Hervé alikuwa ameshapuliza filimbi. Mashindano yalikuwa yameanza, mitumbwi mirefu ilikuwa inashuka na mkondo, watu kumi kumi ndani, na kamati ilikuwa imekataza mtumbwi mwingine wowote kukata mto mpaka yaishe. Mwaka uliopita, Aristote akasema, mmoja alikata, wakapinduka wote. Nilimwambia atakata au nitakata mimi kwa miguu. Nilikuwa nimeshaingia mpaka magotini Grégoire aliponishika na kunirudisha, nami nikampiga kifuani, mbele ya watu, na sikuona haya.

Ndipo nikamwona yule mwanamke. Ng'ambo, kwenye ukingo wa mchanga, mtu wa buluu alikuwa anakimbia kwenda juu, anasimama, anakimbia kwenda chini, anasimama. Alikuwa anafanya kile nilichokuwa nafanya mimi. Ameinua mkono juu ya macho anatafuta upande wetu. Nikaelewa kwamba naye ameshagundua. Alikuwa amemtazama mtoto pembeni yake akakuta si wake, na wake hajui kama yuko ukingoni au yuko chini ya maji.

Nilikuwa na hasira na mwanamke huyo nisiyemjua. Bado nilikuwa nayo wakati mikono yangu ilipomkamata Nuru kwapani na kumpandisha juu mabegani. Nikasimama wima, nikamwambia, "Punga mkono! Punga sana!" Akapunga kwa mikono yote miwili, akiita mama yake.

Mtu wa ng'ambo akasimama. Kisha akainama, akanyanyua kitu kidogo cha buluu, akakiweka mabegani, na kile kitu kidogo kikaanza kupunga mikono kama mtu anayefukuza ndege shambani. Binti yangu hupunga hivyohivyo. Nililia. Nililia na mtoto wa mwenzangu shingoni, na mitumbwi ya mashindano ikapita katikati yetu, makasia yakipiga, watu wakishangilia, na mimi niliilaani mmoja mmoja kwa sababu ilinificha mwanangu.

Tulikaa hivyo mashindano yote. Mabega yalikufa ganzi. Grégoire akasema, "Lete nikusaidie," nikamwambia asimguse. Nilijua kwamba nikimshusha Nuru, mwenzangu ataanza kukimbia tena, na akianza kukimbia atamshusha wangu.

Mama Emilienne alikuwa amefika ukingoni na fimbo yake. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Huyo ndiye Nuru?" Akanyoosha mkono akashika mguu wa mtoto, ule uliokuwa unaning'inia kifuani kwangu, akaushika tu. Na mimi, kwa kuuona mkono ule, nikakumbuka kikapu.

"Mama," nikasema, "kule kwa Djamila ulirudia nini?"

Akaendelea kuushika ule mguu.

"Ulirudia kikapu?"

"Nilirudia kikwembe," akasema. "Nilimulipa Djamila akate kingine, akatume Kabambare na mutu wa pikipiki. Nikamutuma na neno: mukuje Nyangwe, muvae."

Nilisahau heshima. "Mama! Unataka kushona familia yako, na sindano ni mutoto yangu?"

Mkwe hasemi hivyo na mama mkwe wake, najua. Ningesema tena. Mama Emilienne hakunikemea. Alikuwa anamtazama Grégoire.

"Mimi niko muzee," akamwambia mwanawe. "Baba yenu alizikwa na watoto wenye kuvaa mbalimbali. Mimi sitaki. Siku yangu ikifika, nataka mutu asijue nani ni nani."

Grégoire aliyatazama maji. Mume wangu ni mtu wa maneno mengi; anafundisha shule, hata mbuzi akipita anamweleza kitu. Siku hiyo alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini mpaka mapajani, akasimama huko akiangalia mchanga.

Mashindano yakaisha. Nani alishinda sijui mpaka leo. Aristote alikuwa ameshasukuma mtumbwi wake kabla Hervé hajamaliza kutangaza, na akawarudisha wote, mtumbwi mzima wa miavuli. Kamaldine alikuwa amekaa nyuma na watoto wakubwa. Rachida alikuwa mbele, amepiga magoti, mwanangu ubavuni mwake, amemshika kwa mikono yote kama kwamba ndiye aliyemzaa. Hakungoja mtumbwi ufike. Aliruka majini na nguo yake mpya, mwanangu amembeba, akaja kwangu moja kwa moja, akampita kaka yake bila kumtazama.

Hatukusalimiana. Mimi nilimshusha Nuru, yeye akamshusha Sarah-Grâce, na kila mmoja akachukua wake. Nilimnusa shingoni. Harufu ilikuwa ya udi kidogo na jasho na vumbi la njiani, na chini yake kulikuwa na ya kwetu. Kisha nikamwangalia mwenzangu usoni mara ya kwanza. Alikuwa na pua ya Grégoire.

"Hakulia," akaniambia. "Mutoto yako. Miye ndiye nililia."

Grégoire alitoka majini polepole. Hakwenda kwa dada yake. Alikuja kwa mtoto, kama watu wanavyofanya wanapoogopa watu wazima, akachuchumaa, na sauti yake ya darasani ikatoka.

"Sarah-Grâce! Kwa nini ulifuata watu usiowajua?"

Sarah-Grâce akamtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na hatia na alijua.

"Nilimushika nguo, nikamufuata. Koko alisema mwenye kuvaa hiki kikwembe ni mutu yetu." Akashika pindo la nguo ya Rachida, iliyolowa, akamwonyesha baba yake mwavuli mmoja wa njano. "Papa, Koko alidanganya?"

Sote tulikuwa tunasubiri. Rachida alikuwa anatazama chini. Mama Emilienne alikuwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili. Hata Hervé alikuwa ameshusha megafoni, na yeye huwa haishushi.

Grégoire alisimama. Nilimwona akimtazama dada yake kuanzia miguuni, nguo iliyomgandama, mchanga, ushungi wa kitambaa kilekile, mpaka usoni. Nilifikiri ataomba msamaha. Nilifikiri atageuka aende zake. Nilikuwa tayari kumpiga tena kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Mumekula?" akamuuliza.

Miaka yote hiyo, na mwalimu mzima, hilo ndilo neno alilopata. Nilitaka kucheka na nilitaka kumzamisha. Lakini Rachida alilisikia kwa namna ambayo mimi sikulisikia, maana mabega yake yalishuka ghafla, akafunika uso na ncha ya ushungi.

"Bado, Yaya," akasema, akimwita kama mdogo anavyomwita kaka yake. "Tangu asubuhi."

Mimi kwa Mama Emilienne nilikuwa bado na hasira, na nilikaa nayo wiki nzima. Lakini sufuria ilikuwa kwangu. Nikaenda mkekani, nikafunua wali, nikaanza kupakua, na nikamwambia mume wangu asogee, watu wetu wapate pa kukaa.